Jinsi ya kumtembeza mgeni Clarkston

Mgeni akifika Clarkston, mji mdogo wa jimbo la Georgia, Marekani, ofisi iliyompokea humpa funguo, makaratasi na namba ya simu ya mtu wa kumpigia. Kazi inayobaki ni yetu sisi tuliotangulia: kumtoa nje, kumtembeza kwa miguu, na kumweleza mji huu ulikuwaje mpaka ukawa na nafasi yake. Mimi naifanya kazi hiyo tangu 2017. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilishuka hapa na watoto wanne kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na kabla ya Nyarugusu kwetu ni Fizi, Kivu Kusini. Hakuna aliyenituma. Nilianza na shangazi yangu, akafuata jirani wa shangazi, na sasa akifika mtu anayezungumza Kiswahili, simu yangu inalia.

Wageni wa siku hizi si kama wa zamani. Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, wengi ninaowatembeza ni ndugu waliohama kutoka majimbo mengine wakifuata kazi au jamaa. Usiseme hao hawahitaji kutembezwa. Aliyekaa Texas miaka mitatu anajua benki na anajua basi, lakini bado anauliza lile lile aliloliuliza shangazi yangu: kwa nini hapa? Kwa nini Wanepali, Wasomali, Waburma, Waafghani na sisi, wote tumejazana katika mji mdogo kiasi hiki, pembeni mwa Atlanta? Nimeona kwamba mtu akilipata jibu la swali hilo, anaacha kutembea amejibana ukutani kama mwizi.

Anza na anwani, kabla hamjatoka mlangoni. Hili nalisisitiza kwa sababu lilinipata mwenyewe. Wiki ya kwanza, mwezi wa kumi na moja, nilitoka na mfuko wa takataka kwenda kwenye lile pipa kubwa la chuma mwisho wa uwanja wa magari. Nilikuwa na kandambili na kitenge begani, simu nimeiacha ndani. Kurudi, nikakata kona moja kabla ya ile niliyoijia. Fleti zote zilikuwa sawa: matofali ya kahawia, ngazi za chuma, milango ya kijani. Nikapanda ngazi nikagonga, akafungua mtu nisiyemjua. Nikashuka, nikapanda nyingine. Baridi ikaanza kunipanda miguuni, na mtoto mdogo nilikuwa nimemwacha amelala.

Akatokea mzee mmoja wa Kinepali, wale waliotoka Bhutan, amevaa ile kofia yao ya kitambaa cha rangi rangi, mikono ameifunga mgongoni. Hakujua Kiswahili wala mimi sikujua neno la kwao. Aliinua kidole kimoja, kisha viwili, kuniuliza ghorofa. Nikainua viwili. Basi tukatembea jengo kwa jengo, yeye ananyoosha mkono kwenye kila dirisha la juu na kunitazama, mimi natikisa kichwa, mpaka nikaona kitenge changu cha njano chenye samaki nilichokitundika badala ya pazia. Hakuondoka hapo. Alinipandisha mpaka mlangoni, akagonga kwa kidole namba iliyobandikwa ukutani, na hakuniachia niingie mpaka nilipoitamka kwa Kiingereza mara tatu.

Kwa hiyo mwandikie mgeni kadi: namba ya jengo, mtaa, namba ya fleti, Clarkston, GA 30021. Moja iwe mfukoni mwa kila mtu, mtoto wa chekechea naye. Kisha waitamke kwa sauti, wote, kwa Kiingereza, kwa sababu ukipiga 911, namba ya dharura, ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa. Na kwenye dirisha watundike kitambaa ambacho hakuna mwingine anacho.

Siku nzuri ya kutembea ni Jumamosi asubuhi. Katikati ya wiki watu wamechoka. Wanaofanya kazi kwenye viwanda vya kuku upande wa Gainesville wanaondoka usiku wa manane kwenye gari la pamoja na kurudi wakiwa hoi. Subiri pia wiki ya kwanza ipite, mwili urudi. Mtu ambaye usingizi wake uko Afrika bado, ukimsimulia historia unamsumbua bure.

Anzia relini. Mji huu ni mtoto wa reli. Ulipata hadhi ya mji mwaka 1882, na jina lake limetokana na W. W. Clark, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya reli ya Georgia. Wakazi wake wa mwanzo wengi walikuwa watu wa reli wanaofanya kazi Atlanta na kulala huku. Yaani tangu siku ya kwanza hapa palikuwa mahali pa watu wanaofanya kazi kwingine na kurudi kulala. Mwambie mgeni hilo. Atajiona humo mara moja.

Hapo hapo relini mpe onyo, na usilicheke. Treni za mizigo bado zinapita katikati ya mji, ndefu mno, na wakati mwingine zinasimama na kuziba njia. Utaona vijana wanapita kati ya mabehewa ili wawahi. Mwambie mgeni na watoto wake: usipite kamwe, si chini wala katikati. Treni iliyosimama inaweza kuondoka bila kukuonya. Ukichelewa kazini, msimamizi atakasirika na kesho utaongea naye. Mimi huwa nawasimamisha watoto hatua kumi kutoka kwenye mataruma na kuwaambia warudie maneno hayo, kama walivyorudia anwani.

Kutoka hapo simulia habari ya mbuzi. Zamani Clarkston iliitwa kwa utani Goatsville, mji wa mbuzi, kwa kuwa wakazi walifuga mbuzi wengi, na timu za shule ya sekondari ya hapa zinaitwa Angoras hadi leo, yaani aina ya mbuzi wa manyoya marefu. Watu wetu wanaipenda sana habari hii. Mzee mmoja kutoka Uvira aliniambia, "Kumbe tumefika nyumbani kwa mbuzi, na sisi ndio wenye kuwala." Ukimaliza, mpeleke kwenye bucha la halali akanunue nyama ya mbuzi yenye mifupa, aone kuwa harusi na matanga yatafanyika hapa kama kwetu.

Sasa simameni mbele ya fleti, na hapa usiharakishe, kwa sababu ndipo lilipo jibu la lile swali. Fleti hizi hazikujengwa kwa ajili yetu. Zilipandishwa hasa miaka ya 1970, uwanja wa ndege wa Atlanta ukipanuka na kuajiri, kwa ajili ya Wazungu wa kipato cha kati waliotaka kuishi nje ya jiji na kwenda kazini kila siku. Baadaye wapangaji hao wakahamia mbali zaidi, kwenye mitaa mipya yenye nyumba za uwanja. Fleti zikabaki wazi, kodi ikashuka. Mashirika ya kupokea wakimbizi yalipotafuta mahali, yakaona nyumba za bei nafuu, usafiri wa umma wa MARTA wa kuwafikisha watu Atlanta, na maduka unayoweza kuyafikia kwa miguu, jambo ambalo Marekani ni adimu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kuleta watu.

Wahesabie waliopita, ukinyoosha mkono kwenye madirisha yale yale. Kwanza Wavietnamu na Wakambodia. Baada yao Wabosnia na Wakosovo, vita vya kule vilipowaka. Wakaja Wasomali, Waliberia, Wasudani. Kati ya 1996 na 2001 jimbo la Georgia lilipokea wakimbizi zaidi ya 19,000, na wengi waliwekwa upande huu. Wakafuata Wairaki, Waburma, na Wanepali wa Bhutan kama yule mzee wangu. Warundi waliokimbia nchi yao 1972, waliokaa kambi za Tanzania zaidi ya miaka 30, walianza kuletwa Marekani mwaka 2007, na hao ndio waliokuja na Kiswahili kabla yetu. Sisi wa Kongo tukaja kwa wingi baadaye. Leo mji una wakazi zaidi ya 14,000, na karibu nusu yao wamezaliwa nje ya Marekani.

Ukifika kwa Warundi, tulia kidogo. Sisi tulipofika tulikuta mtu wa kumwambia "habari za leo" akajibu. Wao hawakumkuta mtu. Mgeni akimkuta mama wa Kirundi sokoni, amwamkie kwa heshima hiyo. Nami nawaamuru watoto waseme shikamoo, walivyofundishwa Kigoma, hata kama baba zao wa Fizi hawakukulia salamu hiyo.

Usifiche kwamba wenyeji hawakutupokea wote kwa furaha. Nimesikia watu wakimwambia mgeni kuwa Clarkston ni peponi, na akija kukutana na jambo baya anadhani kosa ni lake. Simulia mambo matatu yafuatayo kama yalivyotokea.

La kwanza ni duka la Thriftown. Wakazi wa zamani walipokuwa wanahama miaka ya 1990, mauzo yakaanguka, na mwenye duka, Bill Mehlinger, alikuwa karibu kufilisika. Mfanyakazi wake kutoka Vietnam akamshauri aweke vyakula vya watu waliokuja. Akaweka vya Kiasia, vikauzwa; akaongeza vya Kiafrika, vikauzwa; na duka likapona. Ninaposimulia hili namwambia mgeni: pesa yako ndogo ya mchele na mafuta ina uzito, na duka likikosa unachokula, uliza. Mimi niliuliza unga wa muhogo kwenye duka moja kila Jumamosi kwa miezi miwili. Siku moja nikaukuta umewekwa chini kabisa ya rafu, mifuko minne. Nikanunua yote minne.

La pili ni kanisa. Kanisa la Kibaptisti la Clarkston lilianzishwa 1883, na miaka ya ujirani kubadilika waumini wake walipungua kutoka mamia hadi wachache wa kuhesabika. Waliobaki walibishana sana, kisha mwaka 2004 likabadilishwa jina na kuwa Clarkston International Bible Church, na jengo likaanza kupokea ibada za lugha mbalimbali. Hata mgeni Mwislamu namsimulia hili, kwa sababu ni habari ya watu waliokuwa na mahali pao, wakaona hawawezi kupajaza peke yao, wakafungua mlango. Baadhi yao jambo hilo liliwauma. Walifungua hata hivyo.

La tatu ni uwanja wa Milam Park, na hapo lazima mfike kwa miguu, mkae kwenye nyasi. Mwaka 2004 mwanamke mmoja mzaliwa wa Jordan, Luma Mufleh, aliwaona watoto wa wakimbizi wakicheza mpira kwenye uwanja wa magari wa fleti. Akawaundia timu, wakaitwa Fugees, akawafundisha mpira na masomo pamoja. Miaka miwili baadaye meya wa wakati huo akakataza mpira wa miguu kwenye uwanja huu; alitaka uwe wa besiboli na wa mpira wa Kimarekani tu. Jambo likabishaniwa kwenye baraza la mji, Januari 2007 likatoka kwenye gazeti la New York Times, nchi nzima ikasikia, na watoto wakapata kucheza. Wavulana wangu wawili wamecheza hapo. Wakati wote nikikaa pembeni kuwatazama, nafikiria kwamba kuna kocha na wazazi waliosimama mbele ya baraza kwa Kiingereza cha kuvunjika ili nyasi hizi ziwe za watoto wasiowajua.

Kwa hiyo hapo uwanjani ndipo pa kufundisha habari ya baraza. Vikao vyake ni vya wazi. Mkazi yeyote anaweza kuhudhuria na kuomba kusema, awe raia au asiwe. Awet Eyasu, mzaliwa wa Eritrea, ameshakalia kiti katika baraza hilo, na hilo linawafungua macho vijana kuliko hotuba yoyote. Lakini kura ni jambo jingine, na hapa shika mkono wa mgeni umwambie polepole: usijiandikishe kupiga kura kabla hujala kiapo cha uraia, hata kama mtu mwenye tabasamu amekuletea fomu nje ya duka, hata kama fomu ya leseni ya gari ina kisanduku cha kuweka alama. Kosa hilo linaweza kukuharibia karatasi zote. Uraia unaombwa baada ya miaka mitano, subiri.

Makaratasi mengine yataje kwa kifupi, kwa kuwa ofisi itamweleza. Akihama fleti, aiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10. Grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, anaiomba baada ya mwaka mmoja. Tiketi ya ndege iliyotolewa kwa mkopo alipe kidogo kidogo bila kuruka mwezi. Haina riba, na ndiyo itakayomjengea jina zuri la mkopaji. Kijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 ajiandikishe Selective Service, orodha ya serikali ya wanaoweza kuitwa jeshini. Basi.

Kuna mlima. Kwa baiskeli au miguu mikakamavu, njia ya PATH inayopita Clarkston inakufikisha Stone Mountain, jabali moja kubwa la matale upande wa mashariki. Watoto watataka kupanda juu, na kweli kupanda kunapendeza. Wengine huniambia nisiwasimulie habari zake. Mimi nawasimulia. Mwaka 1915, juu ya jabali hilo, watu walikusanyika kuifufua Ku Klux Klan, chama kilichowaua na kuwatesa watu weusi. Ubavuni mwake kuna sanamu kubwa ya viongozi watatu waliopigania utumwa ubaki, iliyomalizwa kuchongwa 1972. Mtoto wetu mweusi ataisikia habari hii shuleni au barabarani. Afadhali aisikie kwanza kutoka kwa mtu wake, mchana kweupe, akiwa na maji ya kunywa mkononi. Binti yangu alipofika kileleni akiwa na miaka kumi na mmoja aliuliza, "Mama, sasa wakituona hapa juu watasemaje?" Nikamwambia akae ale ndizi yake hapo hapo, asiwe na haraka ya kushuka. Tulikaa mpaka ndizi zikaisha.

Ila siku ya kwanza msiende huko, ni mbali. Siku ya kwanza iishie kwenye sehemu mbili za kupumzika.

Moja ni Refuge Coffee, kwenye jengo lililokuwa kituo cha petroli, barabara ya East Ponce de Leon. Ilianza 2015 kwa gari la kuuzia kahawa, na wanaoajiriwa na kufunzwa pale ni wakimbizi na wahamiaji. Kahawa yenyewe bei yake mgeni ataiona kubwa, mnunulie wewe. Mkae nje, muwaangalie wanaopita. Mgeni akimaliza kikombe atakuwa amesikia lugha tano au sita, na kati ya hizo kimojawapo kitakuwa Kiswahili cha mtu aliyeko kwenye simu anayegombana na fundi wa gari.

Ya pili ni bustani ya Jolly Avenue, ambako familia za kila kabila zinalima vipande vyao. Wazee waliolima maisha yao yote, hapa ndipo wanapopata nguvu. Mwonyeshe mgeni nini kinaota: lengalenga inashamiri kiangazi chote, matembele pia, na maboga kwa ajili ya majani. Asipande kitu cha joto kabla ya katikati ya Aprili, umande wa baridi utakiunguza. Muhogo kwa ajili ya sombe usimshauri. Utaota vizuri mpaka mwezi wa kumi, kisha usiku mmoja wa baridi unaulaza wote chini. Sombe tunanunua iliyogandishwa, tunaitia mafuta ya mawese, inatosha. Kipande cha kulima kinagombewa, kwa hiyo aandikishe jina mapema, na wakati anasubiri amsaidie mwenye kipande kupalilia.

Mimi mwenyewe nilisubiri. Nilipopata kipande, jirani yangu wa mstari alikuwa mwanamke wa Kinepali, na wiki ya pili alikuja na mzee wake aliyembebea maji. Ni yule yule wa kofia. Alinitazama kwa muda, kisha akainua vidole viwili juu, kama siku ile, akasema namba ya mlango wangu kwa Kiingereza.